Kidude Kikilia, Kanyaga

Shemeji yangu alinitoa kwenye timu ya baiskeli mbele ya watu thelathini. Angeniita pembeni akaniambia, ningemeza. Lakini yeye, kocha mzima, alisimama katikati ya ukumbi wa klabu na karatasi ya mashine zake, akasoma: mapigo ya moyo, nguvu ya miguu, pumzi. "Kwa vipimo hivi," akamalizia, "huyu ana injini ya cherehani."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Soma tena, huku nyuma hatujasikia!" Akasoma tena. Nafasi yangu akampa mdogo wake, yule tunayemwita Kompyuta. Dada yangu alikuwa mstari wa mbele, kainamia kucha zake.

Mimi nasambaza mikate. Mwaka wa tisa huu, kila asubuhi napanda kilima cha hospitali na kreti mbili nyuma. Moyo wangu unapiga mara ngapi, sijui. Najua mkate ukichelewa natukanwa mimi. Na msambaza mikate hakosi habari. Mama mmoja, mwanawe yuko kwenye timu, aliniegemea mlangoni: "Wamefungiwa kidude kwenye usukani. Moyo ukizidi kipimo, kinalia, nao lazima wapunguze mwendo mpaka kinyamaze. Wamezoea hivyo! Mwanangu siku hizi simu ikilia, anaacha kutafuna."

Nilicheka nikamwongezea mkate mmoja. Maskini, hakujua kanishikisha mpini. Makali angeyashika shemeji.

Mbio za mji ziko wazi kwa kila mwenye baiskeli. Nikaja na ileile ya kazini, kreti nimezifungua tu. Shemeji akaniona. "Leo umeleta oda ya nani?"

"Yako, shemeji. Tulia, inakuja."

Kwenye kilima cha hospitali tulibaki wawili, Kompyuta mbele, mimi nimemganda kama kupe. Kidude kikalia. Akapunguza. Nikakanyaga, nikampita. Akanifikia, maana miguu anayo, sitamsingizia. Kikalia tena. Akatazama usukani, akanitazama mimi, akarudi kwenye usukani.

"Si ukizime!"

"Kaka ataniua!"

Basi nikamwacha na kaka yake.

Jumapili sebule ya dada ilifurika: majirani, wanatimu, na wale wasiokosa popote. Shemeji akanisogelea, sauti ya asali. "Rudi kwenye timu. Nikikufunga vipimo, utafika mbali."

"Timu baki nayo." Nikamtolea karatasi ya matokeo. "Mimi nataka unisomee hii."

"Mbele ya wageni?"

"Kwani siku ile walikuwa nani, viti?"

Shemeji akaipokea. Akasoma harakaharaka, maneno yakifia mdomoni: mimi wa kwanza, mdogo wake wa nne. Akaanza kuikunja karatasi.

Dada yangu akatokeza kichwa kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Soma tena, mume wangu," akasema. "Huku nyuma hatujasikia."