Kalori Elfu Moja na Mia Tano za Mzee Kibwana

Kabla ya kiharusi, Mzee Kibwana alikuwa mkulima wa korosho kijijini Masaki, mtu wa kubeba gunia peke yake. Sasa alilala Kibaha, nyumbani kwa binti yake Nuria, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, akilishwa kwa mpira uliopita puani. Hakuweza kusema, lakini mkono wake wa kushoto bado uliweza kubana.

Miezi mitatu ya kwanza Nuria alimpa uji mzito mara saba kwa siku. Mzee akanenepa. Nuria na mumewe, Faraji, wakashindwa kumgeuza, na kidonda kikaanza kiunoni. Atupele, afisa lishe wa hospitali, akaja na futi, akapima mkono, akapiga hesabu.

"Unamlisha kama bado analima," alisema. "Aliyelala hivi, kalori elfu moja na mia tano kwa siku zinamtosha. Protini tu usipunguze, kidonda kinaihitaji."

Milo ikawa mitano.

Mwezi uliofuata akaja Mwanaamina, dada wa Mzee Kibwana, kutoka Masaki. Alipoona mashavu ya kaka yake yameanza kupungua, hakuitikia vizuri hata shikamoo ya Nuria.

"Mnamuua kwa njaa."

"Shangazi, ni hesabu ya hospitali."

"Hospitali imemjua lini? Mimi nimekula naye sahani moja tangu utoto."

Siku ya tatu, Nuria alipokwenda dukani, Mwanaamina alikoroga uji wa ziada, akausukuma kwa bomba nusu saa tu baada ya mlo wa saa nne, mzee akiwa amelala chali. Alitapika. Uji mwingine ukaingia mapafuni. Alilazwa siku tisa.

Nuria hakumgombeza shangazi yake. Hakuzungumza naye kabisa, na hilo lilimuuma Mwanaamina kuliko matusi. Mwanaamina alikaa kwenye benchi la wodi kila siku, akirudi nyumbani kusali na kufua shuka.

Mzee aliporudi, Atupele alifika tena. Mwanaamina akamuuliza, kwa sauti ndogo, "Mwanangu, yeye mwenyewe anasikia njaa?"

Atupele alimtazama Nuria. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwanaamina akashika mkono wa kushoto wa kaka yake. "Kibwana, ukiwa na njaa, nibane."

Alibana. Alibana kwa nguvu.

Nuria akaanza kulia. Atupele hakuongeza kalori hata moja. Aliigawa ileile hesabu katika milo sita midogo, na mmoja akausogeza hadi alfajiri, saa ambayo mzee alizoea kunywa chai kabla ya kwenda shambani. Akamfundisha Mwanaamina kuinua kichwa cha kitanda kwanza, kusukuma taratibu, kisha kusubiri saa nzima kabla ya kumlaza.

Kidonda kilifunga baada ya wiki saba. Mwanaamina hajarudi Masaki. Mlo wa alfajiri ni wake, na kabla ya kuuanza humuuliza kaka yake kwanza. Siku nyingine habani, naye husubiri kidogo, kisha humuuliza tena.