Ila ya Bilali

Ukifika nyumba ya mtu Ruangwa ukauliza habari za hapa, utajibiwa nzuri. Hata kukiwa na msiba utajibiwa nzuri, kisha ndiyo utaambiwa, ila tumefiwa. Ile nzuri ni ya kufungulia mlango tu. Habari yenyewe iko kwenye ila, na mgeni mwenye adabu huisubiri. Semeni alisalimiana hivyo tangu utoto wake na hakuwahi kulifikiria jambo hilo, mpaka mwanawe Bilali aliporudi kutoka Uingereza.

Semeni alikuwa akiuza chapati na mbaazi za nazi karibu na stendi. Mumewe, Seleman, alishinda shambani Mbwemkuru na mikorosho yake, akirudi mjini Ijumaa kuswali na kubadilisha nguo. Bilali ndiye mtoto wao wa kwanza. Alikwenda Nachingwea kubeba magunia ya ufuta ghalani, na huko ndiko ngumi zilikomchukua. Kulikuwa na mzee anaitwa Kipriani, askari mstaafu, anafundisha vijana kwenye ukumbi mkuukuu usio na dari, wakipiga gunia lililojazwa mchanga na matambara. Kipriani alimtazama Bilali anavyopanda ngazi ya lori na mzigo, akasema shingo ile Mungu hakuiweka kwa ajili ya ufuta.

Basi akapigana Lindi, akapigana Mtwara, akapigana Dar es Salaam. Alishinda mara nyingi, akashindwa mara chache, na hakuanguka hata mara moja. Kule kutoanguka ndiko watu walikokusifia, na ndiko kulikomponza.

Maana huko Uingereza kulikuwa na kijana mwenye nywele nyekundu, mtoto wa fundi bomba, jina lake Callum Thorley. Alikuwa anapanda. Bondia anayepanda anahitaji watu wa kuwakanyaga ili apande, na watu hao hutafutwa mbali, kwa sababu wa karibu wanajuana. Wakubwa wa Callum walitaka mtu atakayesimama muda mrefu ili kijana wao aonekane ametoka jasho, lakini asiye na uwezo wa kumshinda. Wakala mmoja wa Dar es Salaam, Richard, akawaambia ninaye mmoja, yuko kusini. Hakuna aliyemwambia Bilali ashindwe. Walijua tu. Yeye aliambiwa habari za ndege, ulingo na televisheni.

Kipriani alinyimwa viza, kwa hiyo Bilali aliondoka bila kocha wake. Huko alipokelewa na Mtanzania mmoja aliyekuwa akiishi kulekule, ndiye akawa mkalimani, na watu wa kumpepea na kumpa maji kwenye kona walikuwa wa kukodi.

Pambano lenyewe vijana wa stendi waliliangalia kwenye simu ya Saleh, muuza vocha. Jina la Callum lilikuwa zito mdomoni mwao, wakaligeuza Kalamu. Semeni aliona vipande, akiwa na mwiko mkononi. Aliona mgongo wa mwanawe, akaona ngumi ya mkono wa kulia wa yule mwekundu inarudi palepale, kwenye jicho la kushoto, kama mtu anayepigilia msumari. Bilali hakuanguka. Kengele ya mwisho ililia amesimama, Kalamu akapewa ushindi kwa pointi, na pale stendi watu wakashangilia kana kwamba ni wao walioshinda.

Aliporudi alipokelewa kwa pikipiki. Jioni akakaa nje ya nyumba na rafiki zake, uso bado umevimba upande mmoja, akawahadithia mambo ya huko. Akawaambia juu ya baridi na juu ya viazi vya kila siku. Halafu akasema lile la daktari.

"Baada ya pambano kaingia daktari wao na kitochi," alisema. "Mkalimani ananiambia, daktari anauliza hujambo. Nikamjibu sijambo. Sasa mimi natafuta pumzi niendelee, kuangalia hivi, mzungu huyo yuko mlangoni."

Walicheka sana. Saleh akasema kumbe salamu ya Wazungu haina mkia. Mwingine akasema ungemshika koti umwambie bado, daktari, ndiyo kwanza tumefika uani. Semeni alikuwa anapita na sahani, naye akacheka.

Alipokwenda kuosha vyombo ndipo kicheko kilipomkatika. Aendelee na nini?

Asubuhi yake alimuuliza. Bilali alikuwa anakunywa chai, hakunyanyua uso.

"Kuendelea wapi, mama?"

"Kwa daktari. Sijambo, ila nini?"

"Ila nimechoka. Si nilikuwa nimepigwa?"

Semeni akaliacha. Ni jibu ambalo mama yeyote angeliacha, na mama mwenye kijana wa ngumi asome hapa polepole.

Miezi ikapita na Kalamu akaendelea kupanda. Alichukua mkanda wa Uingereza nzima, kisha akaenda kuutafuta wa Ulaya akaupata. Kila aliposhinda, vijana wa stendi walisema Kalamu imeandika tena, na kila iliposemwa hivyo jina la Bilali nalo lilipanda, kwa sababu wengine wote waliolala mbele ya Kalamu walilala mapema, na huyu wa Ruangwa ndiye aliyefika naye mwisho. Ilikuwa heshima ya ajabu, kusifiwa kwa kupigwa na mtu mzuri. Bilali alitembea nayo. Alipata mchumba kwa heshima hiyo, akapata na kiti cha mbele kwenye sherehe.

Semeni akaanza kumjua Kalamu kama anavyomjua mtoto wa jirani. Alijua amebadilisha kocha, amevunjika kidole gumba, baba yake ameacha kazi ya mabomba sasa anamfuata kila aendako. Ikafika mahali akawa anaomba Kalamu apigwe, ili jina la mwanawe nalo lipoe na watu wamsahau. Kisha akawa anatubu, maana na yule naye kazaliwa na mtu.

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na mambo madogo. Bilali akimimina chai, nyingine inakwenda pembeni ya kikombe. Akitaka kumtazama mtu, anageuza kichwa upande kama kuku anayeangalia punje. Siku moja pale kwenye biashara alinyoosha mkono kuchukua upawa akashika hewa, akacheka peke yake, akanyoosha tena. Siku nyingine alitoka kwenda mazoezini Nachingwea akapanda gari la Lindi, hakushtuka mpaka Nanganga. Akasema alikuwa na usingizi.

Semeni alimwendea Kipriani. Mzee alimkaribisha vizuri, akamwambia Mama Bilali, ngumi zina uchovu wake, akipumzika utamwisha. Semeni akamweleza mumewe. Seleman alisikiliza mpaka mwisho, akasema kijana ameulizwa, amesema mzima, sasa wewe unataka aseme nini?

Ndipo Richard alipopiga simu. Kulikuwa na Mwingereza mwingine anayepanda, mzito kidogo kuliko Kalamu, na wakubwa wake walikuwa wamemtaja Bilali kwa sifa: yule asiyeanguka. Safari hii hata Kipriani angekwenda. Kilichobaki ni kupimwa afya tu na daktari aandike kuwa anafaa. Bilali akasema atapima Nachingwea, karibu na mazoezi. Semeni akasema atafuatana naye, ana dada yake anaumwa huko. Kweli alikuwa na dada huko. Dada mwenyewe alikuwa mzima kabisa.

Daktari aliitwa Modestus, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kusini, mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni. Alifurahi kumwona bondia, akasema amemwangalia kwenye simu. Alimsikiliza moyo, akampima presha na uzito, akampiga nyundo ndogo magotini. Kila kitu kilikuwa sawa. Semeni alikaa kwenye benchi la ukutani na mkoba wake mapajani, kama mtu aliyesahauliwa.

"Haya, na mwenyewe unajisikiaje?" daktari aliuliza, kalamu tayari iko mkononi.

"Vizuri, daktari."

Daktari akainama kuandika.

"Ila?" akasema Semeni.

Hakulisema kwa nguvu. Alilisema vile linavyosemwa kizingitini, mgeni akishajibiwa nzuri na akaona sura ya mwenyeji haifanani na jibu. Na hakumsemesha daktari, alimsemesha mwanawe. Daktari akanyanyua uso.

"Mama, hebu nisubiri nje basi," Bilali alisema.

"Nitatoka ukimaliza salamu."

Bilali akajaribu kucheka, akamtazama daktari kama anayeomba msaada wa mwanaume mwenzake. Daktari Modestus hakucheka. Aliiweka kalamu chini, akasubiri naye. Nje mtu alikohoa, mtoto akalia akanyamazishwa. Bilali akamgeukia mama yake kwa namna ile ya kuku, na yeye mwenyewe akajiona anavyogeuka, akaacha katikati.

"Ila jicho la kushoto haliko vizuri," alisema. "Naona watu wawili wawili. Pembeni kuna giza, kama pazia. Na kichwa asubuhi."

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu kule. Nilitaka kumwambia yule mwingine."

Daktari alimfunika jicho moja, akamwonyesha vidole, akamfunika la pili, akamwonyesha tena. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi. La pili Bilali alibahatisha, na kila mtu mle chumbani alijua anabahatisha. Wakamwandikia kwenda hospitali kubwa. Huko wakasema ndani ya jicho pameachana mahali pasipotakiwa kuachana, na pameachana muda mrefu. Wakasema pia kwamba kichwa hicho hakina nafasi ya ngumi nyingine. Safari moja tu zaidi ingemrudisha akiwa katika hali ambayo hakuna mama anayependa kuifikiria. Jicho walilifanyia walichoweza. Lilibaki na nusu ya nuru yake.

Usifikiri Bilali alimshukuru mtu. Alirudi Ruangwa akanuna. Mama yake akimuuliza umeamkaje, anajibu nzuri, anaishia hapo kwa makusudi, akimtazama usoni, na Semeni anasubiri pale na ndoo yake mpaka anachoka. Richard alipata mtu mwingine wa kusimama mbele ya yule Mwingereza mzito. Bilali alimjua, walikuwa wakipiga gunia moja. Hakutaka kuangalia pambano lake, na Saleh alipoanza kumweleza lilivyokwisha, alinyanyuka akaondoka.

Mchumba alibaki, kwa hilo alikuwa na bahati. Kiti cha mbele kilipata mtu mwingine. Baada ya muda Bilali akaanza kukaa kwenye biashara ya mama yake, mwanzo kwa kukosa pa kwenda, baadaye akawa anasukuma chapati. Mkono wake ulikuwa mzito na unga ukautii. Vijana wakamtania kwamba chapati zake nazo haziangushwi, na siku ya kwanza aliyoitikia utani huo Semeni aligeukia jiko, akajidai anachochea mkaa.

Kisha ikaja Jumapili moja asubuhi, Saleh akaja na simu hajanywa hata chai. Kalamu alikuwa amepigana usiku kwa ajili ya mkanda wa dunia, na alikuwa amepigwa. Hakuanguka. Alisimama mpaka mwisho, na Mmarekani aliyepigana naye alimpiga mpaka mwisho. Saleh alisema Kalamu imekwisha wino, akasubiri wacheke.

Bilali alijifuta unga, akaishika simu karibu na jicho la kulia. Semeni akaja nyuma ya bega lake. Mle kwenye simu kijana mwekundu alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, uso si ule Semeni aliouzoea. Mtu mwenye glavu nyepesi alichuchumaa mbele yake na kitochi, akasema neno. Kalamu akanyanyua kidole gumba.

"Kaulizwa nini?" Semeni aliuliza.

"Kaulizwa kama yuko sawa."

"Akajibu?"

"Kajibu yuko sawa."

"Halafu?"

"Halafu basi, mama. Daktari huyo anaondoka."

Semeni aliinama karibu na simu. Mteja alikuwa akimsubiri na sahani.

"Mama yake yuko wapi?"

Bilali aliisogeza simu, akatafuta kwenye ile picha, akageuza kichwa upande bila kujificha. Akamwonyesha kwa kidole chenye unga. Nyuma ya uzio, chini, katikati ya watu wanaovaa makoti na kuondoka, alisimama mwanamke mwenye nguo ya bluu, mikono mdomoni.

"Kutoka pale hasikii kitu," Bilali alisema.

"Rudisha nyuma. Pale kwa daktari."

Akairudisha. Kitochi kikaja tena, neno likasemwa, kidole gumba kikanyanyuka. Mtu mwenye glavu akasimama akageuka. Safari hii Semeni hakumwangalia daktari, alimwangalia Kalamu. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo baada ya kidole kushuka, kifua kikipanda, kama mtu anayetafuta pumzi ili aendelee.