Mwiko Uliopakwa Vanishi

Mjuaji ni kitindamimba wetu. Ana kipara na watoto wanne, na bado kuna siku natamani kumchapa. Jumatatu ile nilimkuta amesimama juu ya kiti ndani ya kilabu changu cha pombe, anapigilia msumari ukutani. Mezani ulikuwa umelazwa mwiko wa mama, unang'aa kama kiatu kipya.

"Usiguse, dada, haujakauka," akasema. "Nimeupaka vanishi mara tatu. Wageni wanapenda vitu vya asili."

Mwiko ule haukuwahi kuoshwa tangu mama aolewe. Ulikoroga pombe ya ulezi, ukarudi kuning'inia juu ya moshi, na yale magamba meusi yaliyougandia ndiyo yalikuwa chachu yetu. Ukiuzamisha kwenye uji wa kimea uliopoa, kesho yake chungu kinanguruma. Mjuaji alikuwa ameukwangua kwa msasa kwanza, eti rangi ishike vizuri.

"Na magamba umeyapeleka wapi?"

"Uchafu ule? Nimeuchoma na takataka. Na vyungu nimevisugua vyote kwa dawa ya kuua vijidudu. Mbona unaniangalia hivyo? Sema asante basi."

"Asante? Wewe umelelewa na mwiko huu, umesomeshwa na mwiko huu, hujui kazi yake?"

"Si wa kukorogea?"

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo amekunywa hapa na wenzake, wamezunguka chungu kila mtu na mrija wake, wananiita niongeze maji ya moto, na hata siku moja hakuuliza anachonyonya kinaumuliwa na nini. Na mimi, kwa kujiona, sikumfundisha mtu.

Nilijaribu hivyo hivyo. Siku mbili nzima uji ulikaa umenuna kama mkwe aliyenyimwa kiti, na juu yake vikaelea vimafuta vya vanishi. Mjuaji akachungulia akasema labda tusubiri. Nikamwambia atoke nje kabla sijamkoroga yeye.

Ikabaki njia moja tu: dada yetu mkubwa, ambaye naye mama alimwachia mwiko wa pili, wenye magamba yale yale. Ila mimi na dada hatukuwa tumesemeshana kwa miaka sita, tangu alipoanza kuuza pombe ya mama kwenye bilauri, baridi, na barafu juu, nami nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba amemzika mama mara ya pili. Mdomo uliponza kichwa. Lakini mficha uchi hazai. Nikaenda.

Nilimkuta jikoni anachuja pombe. Aliniona, akaendelea kuchuja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikamweleza: vanishi, msasa, moto, vyungu. Nilitegemea anicheke au anifukuze, na vyote viwili nilikuwa nimeviandalia jibu njiani.

"Niazime mwiko wako siku moja tu," nikasema. "Nakuomba."

Akaweka chujio chini.

"Wangu mchwa waliumaliza mwaka juzi, mdogo wangu. Hii hapa ni hamira ya dukani. Kila wiki nasema nitakuja kwako kuomba. Nikikumbuka uliyoniambia, miguu inakataa."

Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mjuaji, nikawakasirikia mchwa, na kuliko wote nikajikasirikia mimi. Nilitaka kumwambia kwamba angekuja ningempa, na sikuwa na hakika kama ni kweli.

Dada akanisogezea kigoda, akakaa karibu yangu.

"Ile yako ya mwisho," akauliza, "ilikuwa bado na ule ukali unaokuja ukishameza?"

"Ilikuwa nao."

"Mimi nimeanza kuusahau. Hebu niambie ulivyokuwa."

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilifungua mdomo, nikaitafuta ladha ile nisiipate, nikaufunga.