Neno la Kwanza la Kitinda

Mama mmoja, fundi cherehani, aliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akakimbilia shuleni. Mwalimu alikuwa amemwita aje amsikie binti yake akisema.

Kitinda, kama walivyomwita kwa kuwa ndiye mziwanda, alikuwa na miaka tisa. Tangu kuzaliwa viungo vyake havikumtii, na ulimi haukuwahi kutoa neno. Kila asubuhi dada yake wa miaka kumi na minne alimbeba mgongoni hadi darasani. Kumlisha, kumwogesha, kumpeleka chooni, yote yalikuwa kazi ya dada. "Umezaa malaika," majirani walimwambia mama, naye kichwa kikamvimba.

Siku hiyo kishikwambi kilikuwa kimefungwa mbele ya kiti cha Kitinda, kimejaa picha. Akigusa picha, kinatamka. Alikuwa amejifunza kwa wiki tatu. Dada alisimama nyuma yake na kitambaa cha kumfutia mate.

"Haya, mwambie mama," mwalimu alisema.

Mama alijiweka sawa, akingoja kuitwa. Kidole cha Kitinda kilitangatanga, kikatua.

"Dada," kishikwambi kikasema. Wote wakatabasamu. "Anafinya." Kidole kikatangatanga tena. "Chooni. Sitaki."

"Hii mashine ni mbovu," mama alisema haraka.

"Inasema anachogusa tu, mama," mwalimu alijibu kwa upole.

Mama alipandisha mkono wa sare ya mtoto. Karibu na kwapa, mahali pasipoonekana, palikuwa na alama, mbichi juu ya kuukuu. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwogesha mwanawe. Hakukumbuka. Akamgeukia dada, mkono juu.

"Nambeba tangu nina miaka minane," dada alisema, macho makavu. "Wenzangu wakicheza, mimi niko naye chooni. Nikichelewa kipindi, naadhibiwa. Nikikwambia mgongo unauma, unaniambia mimi malaika. Malaika gani, mama?"

Mkono ulishuka wenyewe.

Sasa mama ndiye anayembeba Kitinda. Cherehani huanza kulia jua likiwa limeshapanda, na wateja wengine wamehamia kwa fundi wa pili. Mwalimu ameomba mhudumu wa darasa. Ombi bado liko kwa wakubwa. Dada hutangulia mbele yao njiani, mikono mitupu, kama hajui aiweke wapi. Majirani hawamsifu tena, wala mama hajui kama nyumbani ana mkosaji mmoja au wawili.

Ijumaa mwalimu huwaruhusu kwenda na kishikwambi nyumbani. Jioni Kitinda hugusa picha zilezile mbili: "Dada. Njoo. Dada. Njoo." Sauti hufika vizuri chumba cha pili alipo dada, lakini haji.

Ijumaa iliyopita dada alifika mlangoni, akasimama. Mama aliendelea kushona, asithubutu kugeuka.