Jina la Bastanta Lisomwe

Jumamosi ile Nande Terkelin, yaani mama yake Terkelin, alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu. Mkwewe Nampat, mume wa Terkelin na mzee wa kanisa, alikaa karibu na mlango, amempa mgongo. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa Wakaro, kabila lao, mwanamume na mama mkwe hawasemezani. Kukiwa na neno, Terkelin hulibeba katikati, huku na huku, kama mtu anayechota maji. Siku hiyo alikuwa amechoka.

"Mie naenda kufua," akasema. "Semeni na birika."

Basi Nande Terkelin akaligeukia birika. "Birika, mwulize mkwe wangu, kesho jina la Bastanta litasomwa?"

Bastanta ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu amwache mkewe Rasmita na watoto watatu, akahamia kwa mwanamke mwingine mjini Kabanjahe. Kijiji kizima kilijua. Na sheria ya kanisa ilijulikana vilevile: mtu wa namna hiyo huendewa kwanza nyumbani kwake, akikataa kutubu, jina lake husomwa mbele ya watu na huzuiwa meza ya Bwana. Siku akitubu hupiga magoti mbele ya wote, wazee wakampa mikono mmoja baada ya mwingine, na watu wakaimba. Siku hiyo ya mikono ndiyo Nande Terkelin aliyoitamani. Aliiona akipalilia michungwa, aliiona akikoroga chungu. Lakini atarudishwaje mtu ambaye hajatengwa?

Nampat akakohoa. "Birika, mwambie mama, neno hili zito. Wazee wameniachia mimi, na mimi nimeoa nyumba hii. Kwetu walionipa mke ndio Mungu ninayemwona kwa macho. Nitamkemeaje shemeji yangu?"

"Na wale wazee wengine?"

"Wawili wameoa ukoo huuhuu. Mmoja kabichi zake zinabebwa na lori la Bastanta. Na yule mwingine anasema tulipomtenga binti wa Ganda, ukoo wake mzima ulihamia kanisa la ng'ambo ya mto, mpaka leo kwaya haina sauti nzito."

"Sauti nzito!" Nande Terkelin alicheka, lakini si kwa furaha. "Birika, mwambie, mchelea mwana kulia hulia yeye, na anayelia ni mimi. Sokoni wanacheka naye, kisha wanakuja kuniambia wanamwombea. Mbuzi aliyepotea haitwi kwa kunong'ona."

"Watu watasema mama amemwaibisha mwanawe."

"Aibu ilishafika, ina miaka miwili humu ndani. Mwanangu ndiye hajafika."

"Birika, mama anajua kwamba nikisoma, Bastanta anaweza asirudi kabisa?"

Kisu kikasimama juu ya kitunguu. Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha kila alfajiri.

"Anajua," akasema.

Alasiri hiyo Nampat alikwenda Kabanjahe. Bastanta alimpokea kwa kahawa na kumpigapiga begani. "Shemeji! Toka lini ndoo ikamfokea mwenye kisima?" Hakutaka kusikia zaidi. Nampat akarudi na jibu hilo.

Jumapili, baada ya matangazo ya arusi, Nampat alisimama na karatasi mkononi. Alikawia hata watu wakaanza kutazamana. Kisha akalisoma jina la Bastanta, kwa sauti ndogo, akainama kama ni lake yeye. Rasmita akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakamtikisika. Mama mmoja nyuma akasema, na alitaka asikiwe, "Wazazi wengine bwana! Wanamla mwana angali hai." Kutoka nje, wanawake walimpita Nande Terkelin bila kumshika mkono. Akatembea peke yake mpaka nyumbani, akapika samaki aliyeungwa manjano, na sahani akaweka mbili. Alijicheka kwa ile ya pili, lakini hakuiondoa.

Saa kumi akasikia lori. Bastanta akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni, hakuvivua kama avuavyo mtu anayeingia, amevimba kwa hasira.

"Miaka miwili hakuna aliyenifungulia mdomo! Leo wananisoma kama bei ya kabichi! Na nani? Nampat! Tuliyempa dada yangu!"

"Nilimwomba mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mwanangu. Wengine walikuheshimu. Mimi heshima imenishinda."

Mama yake akamtazama Bastanta. Alikuwa amekonda. Nywele za pembeni zimeanza mvi, na mama yake alikuwa hajui. Alitamani azishike, lakini hakuthubutu kusogea, kama mtu mwenye ndege dirishani.

"Rasmita alikuwepo?" akauliza, hasira imeshuka kidogo.

"Alikuwepo."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alilia."

Bastanta akageuka kutazama lori. Mama yake akashika ukingo wa meza akingoja kusikia hatua zake zikienda. Hazikwenda. Akaketi pale kizingitini, mgongo umeelekea ndani. Halafu akainama, akavua kiatu kimoja.