Kanjo na Mchuuzi

Asubuhi ya Jumanne aliyofariki Lusweti, samaki wake walikuwa hawajalishwa.

Nasike aliingia nyumbani kwao Buruburu saa moja kasoro robo, viatu vya mumewe vikiwa ndani ya mfuko aliopewa na nesi. Aliviweka karibu na mlango, mahali pake pa kila siku, kisha akasimama katikati ya sebule asijue aifanyie nini mikono yake. Ndipo akawaona. Wote wawili walikuwa wamekuja mbele ya tangi, vichwa vimeelekea mlangoni, wakimsubiri mtu wao wa saa kumi na mbili na nusu.

Walikuwa samaki wa baharini, rangi ya chungwa lililoiva, kila mmoja na mistari mitatu myeupe. Dukani wanaitwa klaunfishi. Lusweti, aliyekuwa fundi wa reli hadi akastaafu, aliwapa majina siku ya kwanza tu. Yule mkubwa, jike, hakumwacha mwenzake apumue: akisogea pembe hii anafukuzwa, akikimbilia ile anafukuzwa. "Huyu ni kanjo," Lusweti akasema, "na yule maskini ni mchuuzi. Hata kibali hana." Jina likashika. Majirani waliozoea kuwaona kanjo, askari wa jiji, wakikimbizana na wauza nyanya kando ya Jogoo Road walicheka mpaka wakatoa machozi.

Hata hivyo, ukali ule ulikuwa na mpaka wake. Mchuuzi akitetemesha mwili wote kama mtu aliyeshikwa na homa, Kanjo alitosheka, na jioni walilala pamoja ndani ya chungu kidogo cha maua ambacho Lusweti alikilaza ubavu kwenye mchanga. Mwingine yeyote asithubutu kupeleka kidole. Kila Jumamosi, Lusweti akimaliza kusafisha tangi, mikono yake ilikuwa na alama nyekundu za meno ya Kanjo. Kwa miaka minne Nasike hakuwahi kutia mkono mle.

Jumatatu jioni, wodini, Lusweti alikuwa amemwambia mambo matatu. Suti ya kuzikiwa ni ile ya kijivu. Mti wa mparachichi kule nyumbani Bungoma usikatwe. "Na wale wawili, mama, usiwatenganishe."

"Sitawatenganisha," Nasike akajibu. Ahadi kwa mgonjwa hutoka kinywani kwa wepesi. Mzigo ni kuibeba.

Jioni ya ile Jumanne nyumba ikaanza kujaa. Watu wa kanisa, majirani, wenzake wa reli, wote wangekuja kila siku kuomba na kupanga safari ya mazishi, na sebule ya Buruburu haiingii viti arobaini. Seth, mdogo wake Lusweti, akaamuru sofa zitoke nje na tangi lihamie chumbani. Vijana waliteka maji kwa ndoo, wakalibeba tangi wanne, wakalitua hatua moja kutoka kwenye dresa ya Nasike yenye kioo kirefu, wakarudisha maji yale yale. Mawe na chungu walivipanga kwa kufuata picha waliyokuwa wamepiga kwa simu. Kazi safi, haina lawama.

Kesho yake akafika Senge, shangazi yake Lusweti, kwa basi la Bungoma. Alipoingia chumbani, jicho lake la kwanza lilikwenda kwenye dresa. Akafungua mkoba wake, akatoa leso, akakifunika kioo chote.

"Mjane hana cha kutazama humo," alisema. "Mpaka anyolewe."

Nasike hakubisha. Hakuwa na hamu ya kujitazama. Usiku alilala sebuleni juu ya godoro pamoja na akina mama, na Senge ndiye aliyewalisha samaki. Alisema wametulia kama watoto wa sandesikuli.

Wakaenda Bungoma, wakazika. Siku ya tatu Nasike akanyolewa. Zilipotimia wiki mbili, siku ya Jumatatu, alirudi Nairobi na kitambaa cheusi kichwani, akakuta nyumba inanukia sabuni. Ndindi, jirani wa mlango wa pili aliyeachiwa ufunguo, alikuwa amerudisha sofa, amepiga deki, amefua mapazia na mashuka na kila kitambaa alichokiona, akakipiga pasi na kukikunja.

"Karibu nyumbani, jirani yangu," akamkumbatia. "Nilisema usikute kazi."

"Na samaki?"

"Wamekula vizuri. Lakini huyo mkubwa, woi! Tangu juzi ana hasira za kuazima. Alitaka kula kidole changu. Nikamwambia, wee, mimi nimeuza skuma sokoni Burma miaka kumi, nimetoroka kanjo wa ukweli, nitakuogopa wewe?"

Nasike alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Kisha akaingia chumbani.

Chungu kilikuwa na samaki mmoja. Alimtafuta Mchuuzi kwa muda kabla ya kumwona pembeni juu, amejibana nyuma ya hita ya kupasha maji, mkia umechanika nyuzinyuzi kama kamba kuukuu. Alipojaribu kushuka, Kanjo alitoka chunguni kama risasi. Mchuuzi alitetemeka. Akatetemeka tena, mwili mzima, zile salamu zake za kuomba amani. Kanjo hakusimama. Alimuuma ubavuni, akamrudisha nyuma ya hita.

Nasike akampigia Sylvance, fundi wa Kaloleni aliyelijenga lile tangi.

"Pole sana, mathe. Mzee alikuwa mtu wangu," Sylvance alisema. Nyuma yake msumeno ulikuwa ukilia. Alikuwa kazini huko mtaa wa Fedha.

"Sylvance, Kanjo anamuua mwenzake."

"Anamfukuza ama anamuua?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Iko, na ni kubwa. Mdogo akitetemeka, anaachwa?"

"Anatetemeka. Haachwi."

Msumeno ukanyamaza. "Basi watenganishe leo. Chukua kile kikapu cha plastiki cha kuchujia mboga, kiwe na matundu, ukiache kielee ndani ya tangi. Umtie mkubwa. Usimtie mdogo, mathe, hapo ndipo watu hukosea. Ukimfungia mnyonge unamwachia mbabe nchi yote, na siku ukimtoa, vita vinaanza upya. Mfunge mbabe siku tatu. Akitoka, atajiona mgeni."

"Siwezi."

"Si ngumu. Polepole tu, na asikutishe na hayo meno, ni kama kubanwa na—"

"Sikusema ni ngumu. Nimesema siwezi."

Sylvance akasema kwa upole, "Sawa. Lakini mkia ukiisha, hatakuwa na cha kukimbilia."

Nasike alijaribu njia nyingine zote alizoweza kufikiria. Alitia kikombe cha udongo upande wa pili ili Mchuuzi apate nyumba yake, na Kanjo akakitwaa kabla hakijatulia mchangani. Alilisha pande mbili kwa wakati mmoja. Kanjo aliacha chakula chake akaenda kufukuza kwenye chakula cha mwenzake. Alizima taa, na katika giza lile akasikia maji yakichapwa, kwa hiyo akaiwasha tena. Ndindi alikuja mara mbili kugonga, akajibiwa kwamba hamna neno. Chai ikapoa juu ya kabati. Ilipofika saa kumi alasiri Nasike alikuwa amekaa kitandani, macho kwenye ile pembe, akihesabu jinsi matamvua ya Mchuuzi yalivyofunguka na kujifunga. Akiacha kuhesabu, aliona, jambo lingetokea.

Aliacha kuhesabu. Alikwenda jikoni kuzima jiko, dakika moja tu, na aliporudi nyuma ya hita hapakuwa na kitu.

Hayumo chunguni, wala kwenye mawe. Kanjo alikuwa akizunguka tangi zima peke yake. Nasike alitazama kifuniko, akaona ule mwanya unaopitisha waya wa hita, mpana wa vidole viwili. Akashuka magoti sakafuni.

Alimkuta chini ya kitanda, amelala ubavu kwenye saruji, vumbi limemshika. Mdomo ulikuwa ukifunguka. Alichovya mikono kwenye ndoo ya maji ya chumvi ya kuongezea tangi, iliyokuwa kando, akamwinua kama anavyoinua mtu kaa la moto, akamtia ndani ya ile ndoo. Mchuuzi alizama, akakaa chini bila kusogea. Nasike aliinamia ndoo ile, kitambaa kimemwanguka, kipara chake karibu kugusa maji. "Pumua," alimwambia. "Pumua, baba." Matamvua yalijifunga. Yakakaa. Yakafunguka.

Hapo akainuka, akaenda jikoni, akachukua kikapu cha bluu cha kuchujia mboga.

"Lusweti," alisema kwa sauti, kana kwamba yuko chumba cha pili, "nisamehe tu."

Akakunja mkono wa gauni na kuingiza mkono tangini. Kanjo hakungoja. Alikuja moja kwa moja, akamuuma kwenye kifundo cha kidole, akarudi nyuma, akaja tena. Yalikuwa meno madogo mno kuumiza hivyo, lakini yaliumiza. Nasike hakuutoa mkono. Aliuacha pale pale, wazi, mpaka samaki akazoea kuuchukia, na alipokuja mara ya nne akapandisha kikapu kutoka chini yake. Alipokiacha kikapu kielee na kukifunga kwa kamba, mkono wake ulikuwa na alama tano nyekundu. Alizitazama kwa muda mrefu. Alizijua. Alikuwa ameziona kwenye mkono mwingine, Jumamosi nyingi.

Akamrudisha Mchuuzi tangini. Aliingia chunguni kinyumenyume, akabaki humo.

Siku tatu Kanjo alikaa kikapuni, na jambo la ajabu, alikuwa mpole. Alipokea chembe zake za chakula, akaelea katikati ya kuta za bluu bila fujo. Mchuuzi alianza kula. Alhamisi asubuhi Nasike alibadilisha mpangilio wa mawe kama Sylvance alivyomwelekeza, kisha akalegeza kamba.

Kanjo alitoka taratibu kama mgeni kweli. Alipita karibu na Mchuuzi, Mchuuzi akatetemeka, naye akampita tu. Moyo wa Nasike ukaanza kushuka mahali pake. Kisha Kanjo akafika glasi ya upande wa kulia, na hapo akasimama. Mapezi yote yalitanuka. Aliigonga glasi kwa kichwa, mara mbili, tatu, akarudi nyuma, akaigonga tena, na alipogeuka macho yake yalikuwa yale ya Jumatatu. Alimwendea Mchuuzi kama umati unavyomwendea mwizi.

Nasike alikuwa na kikapu mkononi bado. Alimteka kwa pigo moja, hata yeye mwenyewe akashangaa, akakirudisha kikapu tangini na kukifunga.

Akakaa kitandani. Kosa halikuwa la Mchuuzi. Kuna aliyemuudhi Kanjo kwanza, pale kulia, na Mchuuzi alilipizwa tu, kama mtoto anayechapwa kwa ugomvi wa baba na jirani. Lakini pale kulia palikuwa na nini? Glasi, na ng'ambo yake hewa. Akasogea mpaka upande wa kushoto wa tangi, akachuchumaa uso wake ulingane na maji, akatazama kule Kanjo alikokuwa akitazama.

Ng'ambo kulikuwa na tangi jingine. Lilikuwa na taa, mawe na kikapu cha bluu, na nyuma yake alichuchumaa mwanamke mwenye kipara, macho yamevimba, asiyemjua. Ilimchukua pumzi mbili kutambua kwamba ile ni dresa yake, na yule ni yeye. Tangu arudi alikuwa akipita mbele ya kioo kile ameinamisha kichwa. Kanjo hakujua kuinamisha kichwa. Kutwa nzima alikuwa na jike wa ukubwa wake mlangoni pake, asiyekubali kuondoka.

Leso ya Senge ilikuwa ndani ya kabati, imepigwa pasi. Nasike aliitandaza juu ya kioo, akachomeka ncha nyuma ya fremu. Akangoja hadi jioni, akalegeza kamba.

Kanjo alitoka. Alikwenda kulia, akaitazama glasi kwa muda, akageuka. Mchuuzi alitetemeka. Kanjo alimsukuma kwa pua, mara moja tu, kama mtu anayesema sogea nikae, akaingia chunguni. Mchuuzi alingoja kidogo. Kisha naye akaingia.

Sylvance alipopiga simu Ijumaa kuuliza habari, Nasike alimwambia amefunika kioo.

"Kioo gani, mathe?"

"Cha dresa."

Sylvance akapiga mluzi. "Hiyo hata mimi singeiona."

Ndindi ndiye aliyeona haya. "Leso ile niliitoa mimi," alisema, mkono mdomoni. "Nilisema usikute nyumba imefungwafungwa kama ya msiba."

"Uliifua vizuri," Nasike akamwambia, akammiminia chai.

Alikuwa amewatenganisha siku tatu. Hakuna aliyemuuliza.

Tangi bado liko chumbani, na leso bado iko juu ya kioo, ingawa nywele zimeota upana wa ukucha. Nasike huwalisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chembe saba kushoto kwa Kanjo na tano kulia kwa Mchuuzi, na Jumamosi husafisha tangi kwa mkono wake.