Viti vya Ndege Isiyoruka

Karakana yetu inashona viti. Si vya sebuleni, la. Viti vya magari, mabasi hasa, na dada yangu ndiye mwenye mkono. Mimi mdogo wake ndiye mwenye mdomo. Mtu wa tatu ni mkata ngozi wetu, tunamwita Mkasi, ambaye ameoa mara moja lakini analalamika kama aliyeoa mara nne. Basi siku meneja wa bustani ya burudani alipoingia na kusema anataka tumshonee viti ishirini na vinne vya ndege, cherehani zote zilinyamaza kwa mpigo.

"Ndege ya kweli?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida.

"Ya kuigiza. Haiondoki chini hata kidole. Mnakaa, mnafunga mikanda, mbele yenu kuna skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa. Viti vinainama, vinapanda, vinashuka, upepo unawapuliza, nanyi mnaona milima na mawingu. Mkishuka mtaapa mmeruka."

Dada alikubali kazi. Lakini alikubali huku amekaa, na dada hakai mbele ya mteja.

Kwa wiki nne zilizofuata mtaa haukuwa na mazungumzo mengine. Kinyozi jirani, mtu asiyewahi kukosa maoni, alitangaza kwamba watu watatapika mpaka majina yao. Mkasi alisema ni ujinga mtupu: "Ulipe hela ili utikiswe? Njoo kwangu nikutikise bure!" Mume wangu aliapa atakuwa wa kwanza kupanda, kisha akaniuliza pembeni kama kuna kiti cha nyuma kabisa. Mwalimu mmoja alileta kiti cha pikipiki yake kishonwe, akakaa saa nzima akitueleza jinsi macho yanavyoudanganya mwili, mpaka Mkasi akamwambia mwili wake yeye umedanganywa siku nyingi na hauhitaji mashine. Na mimi? Mimi sikuwa na maoni, nilikuwa na hamu. Nina miaka arobaini na sita, na nilihesabu siku kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Dada peke yake hakutia neno. Nilijua kwa nini, na ninyi mjue.

Mwanawe wa pekee ameolewa nchi ya mbali, mwendo wa saa tisa angani. Huu ni mwaka wa nne anamwita mama yake, na kila mara dada anasema kazi zimemzidi. Kazi gani! Dada anaogopa ndege. Ikipita juu ya paa anashika meza. Sasa binti ana mimba yake ya kwanza, tiketi ameshaituma, na siku ya safari ilikuwa inakaribia bila dada kusema ndiyo wala hapana. Aliyepigiwa simu ni mimi. "Mama mdogo, niambie ukweli," binti akasema. "Mama hanitaki?" Nilibadilisha mazungumzo, maana dada alikuwa ameniapisha nisitoe siri yake. Iliniuma, acha tu.

Sasa, karakana yetu ina sheria moja, na aliyeitunga ni dada mwenyewe: kiti hakijaisha mpaka aliyekishona amekikalia kikiwa kazini. Tukivisha basi viti, dada hupanda safari ya kwanza, mpaka mwisho wa njia na kurudi. Pikipiki, hupakiwa nyuma. Mwaka juzi alikwenda kukikalia kiti cha daktari wa meno, akarudi amepungukiwa na jino. Kwa hiyo mnaona mtego uliokuwa ukimsubiri. Mimi, Mungu anisamehe, niliufurahia mtego huo.

"Utakwenda wewe," akaniambia asubuhi ya majaribio, akijifanya anatafuta uzi.

"Mimi nimeshona mito ya kichwa tu, dada. Viti umeshona wewe."

"Basi Mkasi aende."

"Mimi nimekata, bosi, sikushona," Mkasi akasema bila kuinua uso. "Sheria ni sheria."

Tulikwenda wote watatu, Mkasi akisisitiza kwamba anakwenda kuangalia tu. Ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi mbichi. Viti vyetu vilikuwa vimepangwa safu tatu, vyeusi, vinang'aa, na nikajisikia fahari mpaka kifua kikajaa. Fundi mitambo, msichana mwenye ovaroli na kalamu nyuma ya sikio, alitukagua mikanda mmoja mmoja. Mkasi wa kuangalia tu alikuwa ameshajifunga. Dada aliushika mkono wangu kwa nguvu hadi pete ikanichimba.

"Ukijisikia vibaya, mama, inua mkono nisimamishe," fundi mitambo akamwambia.

Dada aliukaza mkanda wake tena. Midomo yake ilikuwa imekauka, na kwa mara ya kwanza nilijuta kumlazimisha. Nilitaka kusema tushuke, lakini taa zikazimika.

Mara tukawa ukingoni mwa mlima, mara mlima haupo. Viti vikainama mbele, upepo ukatupiga usoni, bonde zima likafunguka chini ya miguu yetu, nami nikapiga ukelele wa furaha ambao sijaupiga tangu harusi yangu. Mkasi aliita mama yake, tena kwa jina. Ndipo nikagundua jambo: tulikuwa tunateleza. Kiti kikiinama mbele, sote tunaporomoka mpaka mkanda unatudaka. Kikilala kushoto, tunakwenda kushoto kama magunia, na Mkasi karibu anikalie mapajani.

Taa zilipowaka nilimgeukia dada nikitegemea machozi. Alikuwa amekasirika.

"Tumeshona viti vya basi," akasema.

Nilielewa papo hapo, na nikaona aibu. Kwenye basi, ngozi laini inayoteleza ndiyo sifa yetu. Abiria anasukumwa kidogo tu, huyo mpaka dirishani, na mwingine anapata pa kukaa. Miaka ishirini mikono yetu imezoea kulainisha, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza kama mtu aliye angani anataka kuteleza. Wenye mabasi wangetusifu. Hapa tungemwaga watu sakafuni siku ya ufunguzi.

"Lakini dada, mawingu uliyaona?"

"Mawingu gani wewe? Binti, hebu rudisha tena," akamwambia fundi mitambo. "Nataka kujua mwili unatorokea wapi."

Akatoa chaki mfukoni. Safari ya pili aliruka akiwa ameinamisha kichwa, akichora mistari kwenye kiti katikati ya mapaja yake kila alipoteleza. Sisi tukipita juu ya maporomoko ya maji, yeye anapima kwa vidole. Safari ya tatu alihamia kiti cha pembeni, akaniweka mimi cha kati na kunifokea katikati ya dhoruba nisijishikilie, nijiachie niteleze vizuri, nisimharibie vipimo. Mkasi aliomba kushuka, akaambiwa uzito wake unahitajika.

"Tutapiga mishono ya kukingama," dada akasema, "minene, kila vidole vitatu. Na sponji ya mbele tuiinue. Wiki moja inatosha. Haya, mara ya mwisho, nihakikishe."

Safari ya nne hakuwa na cha kuchora. Chaki ilikuwa imekwisha mkononi mwake, imebaki vumbi. Nilimtazama kwa pembeni badala ya kutazama skrini, na nikamwona akiinua uso taratibu. Tulikuwa tumetoka kwenye wingu zito, na juu yake kulikuwa na jua tupu na weupe usio na mwisho. Dada alifumbua mdomo. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, nami nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote ya mwaka ule.

Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi karibu na lango, akanyoosha mkono. "Simu yako."

Alimpigia mwanawe. Aliweka sauti kubwa, kwa sababu dada haamini kwamba simu inasikika vinginevyo, kwa hiyo tulisikia kila kitu.

"Mwanangu, sikuwa na kazi nyingi. Miaka yote minne nilikuwa nakudanganya. Naogopa ndege, na niliona aibu kukwambia."

Tukasikia binti anavuta kamasi. "Mama, mimi nilidhani hunitaki."

"Nisikutake wewe nimtake nani?"

"Na sasa? Huogopi tena?"

Nilitamani aseme ndiyo, amepona, yamekwisha. Dada aliangalia viganja vyake vyenye chaki.

"Leo nimepanda ya uongo mara nne," akasema. "Ya kweli bado naiogopa. Tena sana."

"Hata mimi naogopa, mama." Sauti ya binti ilishuka. "Huku kila mtu ananiambia jasiri, jasiri. Nikifikiria kujifungua peke yangu, silali usiku kucha. Sijamwambia mtu."

"Basi tuogope wote wawili, tukiwa pamoja," dada akasema. "Alhamisi ijayo nakuja."

Binti alipiga kelele upande wa pili mpaka simu ikakwaruza, na dada akawa anarudia tu, nakuja, nakuja, nimesema nakuja. Mkasi akauliza viti ishirini na vinne atavimaliza nani kama bosi anaondoka. Hakuna aliyemjibu, maana tulikuwa tunalia wote, yeye akiwemo.